Yu Il-han wa Korea, mtu aliyerudi kwao



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu tumezoea kusimulia wazee wa kwetu na wa nchi jirani. Safari hii tunakwenda mbali, mpaka Korea. Sababu ni mkutano mkuu uliopita. Waliokuwepo wanakumbuka namna mambo yalivyopanda moto juu ya mashine ya kusaga: nani ashike funguo, nani ashike daftari, na kama mtoto wa mwanzilishi anaweza kuwa kesie. Hatukumaliza. Wakati wa kutoka, mmoja wetu akamtaja huyu Mkorea. Watu wakacheka jina lake, kiisha wakauliza habari zake. Basi tumesoma, tumeulizana, na haya ndiyo tunayowaletea.

Kwa Wakorea jina la ukoo linatangulia. Yu ni ukoo, Il-han ni jina lake. Na huyo Yu, kwa maandishi yao ya zamani, maana yake ni mwerebi, ule mti unaopenda kuota kando ya maji, tunaoukuta katika Biblia. Mushike huo mti kichwani, tutaurudia.

Alizaliwa mwaka 1895 huko Pyongyang, mji ambao leo ndio makao makuu ya Korea ya Kaskazini. Wakati ule Korea ilikuwa nchi moja chini ya mfalme. Baba yake alikuwa mfanyabiashara na Mkristo, mtu wa kuuza vyerehani vya Singer, mwenye kutazama mbali. Mwaka 1904 Urusi na Japani zilianza kupigana, na kitu walichogombea kilikuwa Korea na Manchuria. Vita ya watu wengine kwenye shamba lako: hilo hatuna haja ya kuwaeleza. Baba akaona mtoto wake wa kwanza asikulie katika moshi ule. Akamkabidhi kwa afisa wa serikali aliyekuwa akisafiri kwenda Marekani. Mtoto alikuwa na miaka 9. Kati yetu kuna waliowahi kupakiza mtoto kwenye mashua, ameshika kifurushi chake, wakabaki ufukoni wakitazama mpaka mashua ikawa nukta. Juu ya siku ile hatuandiki zaidi.

Alifikia Nebraska, jimbo la katikati ya Marekani, nchi ya mahindi na upepo, mahali ambapo Mkorea alikuwa kitu cha kutazamwa. Katika mji wa Kearney alipokelewa na dada wawili, watu wa kanisa, wakamlea kama mtoto wao. Alisoma, akagawa magazeti nyumba kwa nyumba. Mwaka 1909 Mkorea mmoja mpigania uhuru, Park Yong-man, alifungua hukohuko Nebraska shule ya kijeshi ya vijana wa Kikorea. Walilima, walisoma, na walijifunza kushika bunduki, ili siku moja waikomboe nchi yao. Yu alikuwa kati yao. Sekondari aliifanya katika mji wa Hastings, na huko akacheza ule mpira wa Kimarekani wa kugongana mabega.

Wakati huo nyumbani kulikuwa kumeshaharibika. Mwaka 1905 Japani ilishika mambo ya nje ya Korea. Mwaka 1910 ikaimeza nchi nzima. Yule mtoto aliyetumwa kusoma ili arudi akajikuta hana nchi ya kurudia. Alikuwa amezaliwa akiitwa Il-hyeong. Kule Marekani akageuza kuwa Il-han, na hiyo han inaandikwa kwa alama ileile ya jina la nchi ya Korea. Nchi imefutwa kwenye ramani, yeye akaibeba ndani ya jina lake.

Alipomaliza sekondari, baba alimwandikia: familia imehamia Manchuria, hali ni ngumu, arudi kusaidia. Barua ya namna ile tunaijua pande zote mbili. Wengine wetu tuliiandika tukiwa kambini, kwa ndugu waliofika Ulaya. Wengine tuliipokea tukiwa hatuna hata pesa ya sabuni. Husimuliwa kwamba kijana alikopa dola 100, akazituma zote kwa baba, kiisha akafanya kazi mwaka mzima kwenye kituo cha umeme cha Detroit mpaka lile deni likaisha. Ndipo akaingia Chuo Kikuu cha Michigan kusoma biashara. Akamaliza mwaka 1919.

Mwaka uleule, mwezi wa tatu, Wakorea waliinuka kwa maandamano nchi nzima kudai uhuru, Wajapani wakawajibu kwa risasi. Mwezi wa nne Wakorea walioko Marekani walikutana Philadelphia siku tatu, wakiitwa na mzee Seo Jae-pil, yule aliyeanzisha gazeti la kudai uhuru wa nchi mwaka 1896. Yu, kijana wa miaka 24, alishiriki katika kuandika na kusoma maazimio ya mkutano ule. Mikutano ya wakimbizi tunaijua: watu wanaimba, wanalia, wanasinya karatasi, kesho yake kila mtu anarudi kwenye kazi ya kufagia. Yeye alirudi kazini kama wengine. Lakini yule mzee Seo hakumsahau.

Sasa tunafika kwenye pesa. Mwaka 1922, pale Detroit, Yu aliungana na rafiki wa chuo, Mmarekani Wallace Smith, wakaanzisha kampuni ya La Choy. Biashara yao ilikuwa choroko zilizochipuka. Choroko ni zile punje ndogo za kijani, ndugu wa maharage. Zikichipuka Wachina na Wakorea wanazipenda sana kwenye chakula. Shida yake ni kwamba zinaoza upesi. Wao wakazifungia kwanza kwenye vyupa vya vioo, baadaye kwenye mikebe, zikaweza kusafiri na kukaa dukani. Wakorea husimulia kwamba siku moja lori lake la choroko lilipata ajali mbele ya watu, magazeti yakaandika, na kila mtu akataka kujua ni chakula gani kile. Wengine wanaongeza kwamba ile ajali aliipanga mwenyewe. Madereva wetu tunawaomba wasiige.

Biashara ikakua, Yu akawa mtu mwenye mali kabla ya kufika miaka 35. Nyumba, jina, heshima, vyote vilikuwa Marekani. Lakini alisafiri Asia, akawaona wazazi wake, akaiona Korea iliyo chini ya Wajapani. Aliwaona watu wanakufa kwa magonjwa ambayo Detroit yanamalizwa kwa dawa ya pesa kidogo: minyoo, malaria, vidonda vya ngozi, kifua. Akaacha mambo ya choroko kwa wenzake. Mwaka 1925 alikuwa amemwoa Ho Mi-ri, daktari wa watoto mwenye asili ya Kichina, na mwaka 1926 wakarudi pamoja Seoul. Aliondoka mtoto wa miaka 9, alirudi na miaka 31.

Kabla ya safari alikwenda kumuaga mzee Seo. Mzee akampa mchongo wa mbao, wenye mti wa mwerebi, jina la ukoo wake. Mchongo huo ukawa alama ya kampuni aliyoifungua mwaka uleule wa 1926, ikaitwa Yuhan: Yu ya mwerebi, Han ya Korea. Mpaka leo ile alama ya mwerebi iko kwenye vikopo vya dawa zao. Chuo cha Yonhi, ambacho leo ndicho Chuo Kikuu cha Yonsei, kilikuwa kimemwita aje kuwa mwalimu, kazi ya heshima na mshahara wa kila mwezi. Alikataa, akakaa dukani.

Tuseme kidogo juu ya uchaguzi huu, maana sisi wenyewe tuliporudi tuliona watu wa namna mbili. Kuna anayerudi na kile alichopata akakila taratibu, parsele moja, bati jipya, sherehe. Hatumlaumu, alikuwa na njaa ya miaka mingi. Na kuna anayetafuta kitu ambacho jirani anakikosa. Yu alileta dawa kutoka nje, kati yake kwinini na dawa za minyoo na za ngozi, akaziuza. Mke wake akafungua kliniki na kutibu watoto. Tusijidanganye kwamba ilikuwa sadaka. Dawa iliuzwa, na faida ilipatikana. Mwaka 1933 kampuni ikatoa dawa yake yenyewe, Antiphlamine, dawa ya kupaka kwa maumivu na uvimbe. Wazee wa Korea wanalijua lile kopo la kijani kama sisi tunavyojua vikopo vya dawa za kuchua vya sokoni. Haya yote yalifanyika chini ya utawala wa Wajapani, ambao hawakupenda kuona Mkorea ana kiwanda chake.

Mwaka 1936 alifanya jambo ambalo ndilo lililotufanya tumwandike. Kampuni ilikuwa yake. Akaigeuza kuwa kampuni ya hisa, zile tunazoziita aksio, na akawagawia wafanyakazi sehemu. Inahesabiwa kuwa mara ya kwanza katika Korea mfanyakazi kuwa mwenye kampuni. Kule Sosa, kati ya Seoul na Incheon, kukajengwa kiwanda na mahali pa kulala wafanyakazi. Kwa mtu aliyewahi kufanya kazi ya siku kwa siku kwenye shamba la wengine, kupewa karatasi inayosema sehemu hii ya kiwanda ni yako, si jambo dogo.

Mwaka 1938 alisafiri tena Marekani kwa kazi za kampuni, na vita kubwa ikamfungia huko. Kampuni ikabaki mikononi mwa ndugu yake. Habari za miaka ile hakuzisema kwa mtu. Zilikuja kujulikana zamani baada ya kifo chake, karatasi za siri za Marekani zilipofunguliwa. Mwaka 1945, akiwa na miaka 50, tajiri, baba wa watoto wawili, alikuwa ameingia katika mpango wa idara ya ujasusi ya Marekani ulioitwa NAPKO. Wakorea wachache walifundishwa kwa siri ili waingizwe Korea kwa njia ya maji, wakapange upinzani ndani ya nchi. Yu alikuwa kiongozi wa kikundi kimoja. Mwezi wa nane Japani ikasalimu amri kabla hawajatumwa. Akarudi nyumbani mwaka 1946, akakaa kimya miaka 25 iliyombakia. Sisi huku tunajua watu ambao hawakushika hata rungu na leo wanajiita wapiganaji.

Alirudia nchi iliyokatwa vipande viwili. Pyongyang alikozaliwa ikabaki upande wa pili wa mstari, na hakuna njia ya kwenda. Kiisha ikaja vita ya 1950 mpaka 1953, Kaskazini na Kusini, ndugu kwa ndugu, na mataifa makubwa nyuma ya kila upande. Seoul ilichukuliwa na kurudishwa zaidi ya mara moja. Kampuni ikakimbilia Busan, kusini kabisa, pamoja na maelfu ya wakimbizi. Vita ilipoisha walianza tena na kuta zilizobaki.

Wasomaji wetu vijana wanajua Korea ya simu na magari, kwa hiyo tuwaambie: mwaka 1960, mwaka wa uhuru wetu, Korea ya Kusini ilihesabiwa kati ya nchi maskini za dunia, ikila kwa msaada wa Marekani. Mwaka 1961 wanajeshi, wakiongozwa na Park Chung-hee, walipindua serikali. Jambo moja kati ya yale ya kwanza lilikuwa kukamata matajiri wakubwa kwa kosa la kujitajirisha kwa magendo na rushwa. Baadaye wakaachiwa kwa makubaliano: mali yenu itabaki, lakini jengeni viwanda ambavyo Leta inavitaka. Leta ikashika benki, ikaamua nani apate mkopo. Mpango wa kwanza wa miaka mitano ulianza 1962. Nchi ikauza nje nguo, mbao za kubandika, hata nywele za bandia zilizotokana na nywele za wanawake wake. Mwaka 1964 mauzo ya nje yalifika dola milioni 100. Mwaka 1977 yalifika dola bilioni 10. Barabara kubwa ya kutoka Seoul mpaka Busan ilifunguliwa 1970.

Wale waliopata mikopo hiyo walikuwa familia chache, na majina ya kampuni zao mnayasoma kwenye simu zenu na ubavuni mwa magari. Baba akifa, mtoto anakaa kwenye kiti. Njia hiyo ilijenga Korea, hatuwezi kuikana. Ila ilikuwa na bei yake. Mwezi wa 11 mwaka 1970 kijana fundi wa nguo, Jeon Tae-il, mwenye miaka 22, alijichoma moto kwenye soko la Seoul akidai tu sheria ya kazi iliyokuwepo iheshimiwe, juu ya wasichana wadogo waliokuwa wakishona mchana na usiku katika vyumba visivyo na hewa.

Yu alikuwa tajiri katika nchi hiyohiyo na miaka hiyohiyo, na alikwenda kwa njia nyingine. Kampuni yake haikuwa kubwa kama zile. Husimuliwa kwamba wanasiasa walipokuja kuomba pesa za chama aliwanyima, na kwamba mkaguzi wa kodi alifuata nyuma yao. Hilo la wanasiasa tunaliacha kama lilivyosimuliwa. La kodi linajulikana: katika miaka ya 1960 watu wa kodi walipekua vitabu vya Yuhan wakitafuta kosa, hawakupata, na mwaka 1968 Leta ikampa nishani kama mlipa kodi wa mfano. Mtu anakwenda kutafutiwa kosa, anarudi na medali. Tungependa siku moja raporo yetu ya kese ifike hapo.

Mwaka 1962 hisa za kampuni ziliwekwa kwenye soko la hisa, mtu yeyote aweze kununua, na vitabu viwe wazi kwa wote. Mwaka 1963 alitoa hisa kwa Chuo Kikuu cha Yonsei. Mwaka 1964 akafungua Shule ya Sekondari ya Ufundi ya Yuhan, watoto wa maskini wakasoma bila kulipa minerivali. Hapo alianza kuonekana mara kwa mara kuliko ofisini.

Tumefika kwenye swali letu la mkutano. Yu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Il-seon, aliyekulia Marekani na kusoma sheria. Katikati ya miaka ya 1960 alimwita, akawa makamu wa mkubwa wa kampuni. Kila mtu alifikiri, kama sisi tungefikiri, kwamba kiti kimepata mwenyewe. Miaka michache baadaye baba akamwondoa. Akawaondoa na ndugu wengine wa ukoo waliokuwa wakifanya kazi mle. Mwaka 1969, kwenye mkutano mkuu wa wenye hisa, akamkabidhi uongozi Cho Kwon-sun, mfanyakazi wa kampuni asiye na damu ya ukoo wa Yu. Tangu siku ile hakuna mtu wa familia aliyekalia kiti kile.

Kati yetu tulioandaa ukurasa huu hatukuelewana juu ya jambo hili. Mmoja alisema ni haki tupu: aksio ziko mikononi mwa wafanyakazi na watu wa nje, kwa nini kiti kiwe cha mtoto? Mwingine, mama wa watoto sita, alisema mtoto anayeacha kazi yake Marekani kwa sababu baba amemwita, kiisha anatolewa mbele ya watu wote, ameumizwa, na hakuna medali inayofuta hilo. Tunafikiri wote wawili wana sababu. Kama Yu alikuwa na kosa, tunaliona hapa: alipaswa kutomwita kabisa. Kumnyima mtu kitu kabla hajakishika ni rahisi kuliko kumnyang'anya. Kwa komite yetu, hilo peke yake ni la kuandikwa kwenye kanuni.

Alifariki tarehe 11 mwezi wa 3, mwaka 1971, akiwa na miaka 76. Vitu vyake vya mwilini vilikuwa vichache, suti na viatu vya kuhesabika. Mwezi uliofuata testama yake ikafunguliwa, na magazeti ya Korea yakaandika kwa mshangao. Mjukuu wake wa kike, Il-ling, mwenye miaka 7 hivi, apewe dola 10,000 kutoka faida ya hisa, zimsomeshe mpaka amalize chuo. Binti yake, Jae-ra, apewe kiwanja kilichozunguka kaburi lake ndani ya shule ya ufundi, kipimo chao pyeong 5,000, ambacho ni kama mita za mraba 16,500. Lakini asikifanye parsele ya kujengea. Kiwe bustani, kisizungushiwe ua, wanafunzi waingie na kutoka wanavyotaka. Mke wake atunzwe na huyo binti. Mtoto wa kiume, kwa kuwa amesomeshwa mpaka chuo kikuu, ajitegemee. Na hisa zake zote zilizobaki, 140,941, ziende kwenye mfuko wa elimu na msaada kwa jamii.

Ndiyo yote. Baadhi ya wasomaji watauliza kama hakuna nyumba ya pembeni au akaunti ya siri. Watu wa Korea waliuliza hivyohivyo mwaka ule. Haikutokea kitu.

Mfuko ule ndio leo unaitwa Yuhan Foundation, na ndio mwenye hisa nyingi kuliko wote katika kampuni. Maana yake ni rahisi: dawa ikiuzwa, sehemu ya faida inayogawiwa inalipia wanafunzi. Binti, Jae-ra, alikufa mwaka 1991, naye akaacha mali yake kwa mfuko uleule. Mwaka 1995, baada ya siri ya NAPKO kujulikana, Leta ya Korea ilimpa Yu nishani ya wapigania uhuru. Ilimkuta kaburini miaka 24.

Msifikiri kwamba kitu kikishawekwa vizuri kinabaki vizuri chenyewe. Mwezi wa 3 mwaka 2024, miaka 53 baada ya kifo chake, uongozi wa Yuhan ulitaka kurudisha cheo cha mwenyekiti wa kampuni, kilichokuwa hakijakaliwa na mtu kwa karibu miaka 30. Wao walisema kampuni imekua, inahitaji ngazi mpya, na hakuna mtu aliyetengewa. Baadhi ya wafanyakazi waliogopa kwamba ni mlango wa mtu mmoja kuishika kampuni. Wakachanga pesa, wakakodi malori yenye maandishi ya kupinga, wakayaweka mbele ya makao makuu. Kwenye mkutano mkuu wa wenye hisa alitokea mwanamke aliyeshuka ndege kutoka Marekani. Alikuwa Il-ling, yule mjukuu wa dola 10,000, sasa mtu mzima wa miaka sitini hivi. Hakuja kudai mali, maana hakuna anayoidai. Alisimama akawakumbusha njia ya babu yake. Kura zikapigwa, cheo kikapita.

Swali la mashine ya kusaga liko kwenye ajenda ya mkutano ujao, namba mbili, baada ya raporo ya kese. Daftari litakuwa mezani tangu asubuhi kwa kila mwanachama anayetaka kulisoma, na kwa wafadhili tutatuma nakala.